Fildi ya nje, leseni, kazi, viza na ukaazi: vitu vitano ambavyo watu wanaviita "kwenda nje"

Tangu stori za kwenda Uingereza, Ujerumani na Uarabuni zishike kasi, wanafunzi wa uuguzi na udaktari wanapigwa maneno kutoka kila upande. Huyu anasema ukipata fildi ya wiki sita kule hospitali inakubakiza, yule anasema Tanzania imewekwa listi nyekundu kwa hiyo hamna tena Mtanzania atakayeajiriwa, mwingine ana binamu yake Manchester anamwambia we njoo tu, viza utabadilisha huku huku. Na katikati ya haya yote yupo ajenti mwenye ofisi ya chumba kimoja na bango lenye bendera, anataka milioni kadhaa za kuanzia mchakato, ukimuuliza mchakato wa nini hasa anakujibu "wa kwenda".

Hapo kwenye "wa kwenda" ndo penye shida yote. Vitu vitano tofauti, vinavyotolewa na watu tofauti, vimefungwa kwenye mzigo mmoja, na mwanafunzi analipia kimoja akidhani kanunua vyote. Ngoja tuvifungue taratibu. Nitatumia mfano wa mwanafunzi wa digrii ya uuguzi mwaka wa tatu, yuko Tanzania, anataka fildi ya nje akiwa bado chuo na baadaye ahamie Uingereza moja kwa moja. Nchi nyingine nitazigusa mbele kidogo.

Cha kwanza ni fildi ya nje, wengine wanaita elektivi: unaenda hospitali ya nchi nyingine wiki chache kama mwanafunzi, unajifunza, unarudi. Makubaliano ni ya chuo chako na hospitali au chuo cha kule. Cha pili ni usajili, yaani leseni ya kufanya kazi kama muuguzi, na hii inatolewa na baraza la taaluma, kwa Uingereza ni NMC, kwa Tanzania ni TNMC. Cha tatu ni ajira, hiyo ni ya mwajiri. Cha nne ni viza, ya serikali kupitia uhamiaji. Cha tano ni ukaazi wa kudumu, nao ni wa uhamiaji ila unakuja miaka mingi baadaye na una masharti yake kabisa.

Ifikirie hivi: mtu ana leseni ya udereva wa lori. Leseni hiyo haimpi lori, haimpi bosi wa kumwajiri, na haimvushi Namanga bila kibali. Na aliyepewa lifti mbele ya lori akamwangalia dereva safari nzima hajawa dereva. Fildi ya nje ndo ile lifti. Ni nzuri, unaona barabara, ila ukishuka unabaki ulivyokuwa.

Tuanze nayo sasa. Kwa kanuni za Uingereza, fildi fupi ya aina hii kwa kawaida inaangukia kwenye viza ya mgeni, ya kutembelea. Kanuni zinawataja wanafunzi wa udaktari, wa meno na wa udaktari wa mifugo wanaosoma nje, kwamba wanaweza kwenda kufanya elektivi kwenye chuo cha kule, bila malipo na bila kumtibu mgonjwa. Halafu zinawataja wahitimu wa udaktari, meno na uuguzi, kwamba wanaweza kwenda kujishikiza hospitali na kuangalia, nao bila malipo na bila kutibu. Umeona pengo lilipo? Mwanafunzi wa uuguzi ambaye hajamaliza hatajwi moja kwa moja kwenye ile sehemu ya elektivi. Kwa hiyo mtu akikwambia fildi ya uuguzi Uingereza ni kitu cha moja kwa moja, lipa tu, mwambie akuonyeshe barua ya chuo au hospitali inayokupokea, ieleze unakuja kwa njia gani ya viza na utafanya nini wodini. Kama hawawezi kuandika hivyo viwili, hiyo fildi haipo.

Ile "bila kutibu" wengi wanaidharau mpaka wafike. Hapa nyumbani mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweka kanula, anafunga kidonda, anapima, anagawa dawa chini ya uangalizi, na wodi ikizidiwa mikono yake inahesabika. Kule kwa viza ya mgeni unasimama pembeni na kuangalia. Usikasirike, kuna vya kujifunza vingi kwa kuangalia tu: wanavyopokezana zamu, wanavyoandika kumbukumbu, wanavyomshirikisha mgonjwa kwenye maamuzi. Ila usitarajie kwamba kuna inchaji atakuona ulivyo hodari na vidonda akakutafutia kazi, maana hata kukigusa kidonda chenyewe hutaruhusiwa.

Na lile la kubadilisha viza huko huko, hapana. Mwenye viza ya mgeni Uingereza haruhusiwi kubadili kwenda viza ya kazi akiwa ndani ya nchi. Lazima atoke, aombe akiwa nje, na awe na kila kitu kinachotakiwa. Anayebaki baada ya viza kuisha anajiharibia rekodi ya uhamiaji, na rekodi hiyo itamfuata siku atakapokuwa na leseni halali na mwajiri halali mkononi, ndo maana naumia nikisikia mtu mzima anamshauri mtoto wa chuo "we zama tu".

Sasa leseni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo moyo wa jambo lenyewe. NMC wanataka kujua kwamba umesomea uuguzi kweli, kwamba kwenu unaruhusiwa kufanya kazi hiyo, kwamba Kiingereza chako kinatosha, kwamba una afya na tabia njema, halafu wanakupa mitihani miwili. Wa kwanza ni CBT, unafanywa kwenye kompyuta na unaweza kuufanyia nje ya Uingereza, una sehemu ya hesabu za dawa na sehemu ya uuguzi wenyewe. Wa pili ni OSCE, huo ni wa vitendo, unafanyika Uingereza tu, una vituo 10, na ada yake imekuwa pauni 794. Ukifeli unarudia, na kurudia nako kunalipiwa.

OSCE inawaangusha watu wenye uzoefu mkubwa na sababu yake inaeleweka ukiiangalia kwa karibu. Unaingia kituoni, kuna mtu anaigiza mgonjwa na kuna msahihishaji kakaa na karatasi yake. Lazima usafishe mikono, ujitambulishe, umuulize jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, ulinganishe na bangili ya mkononi, umuulize kama ana aleji ya dawa yoyote, umweleze unachotaka kufanya na usubiri akubali, na vingi unatakiwa uviseme kwa sauti, maana msahihishaji hawezi kukupa maksi ya kitu ulichokiwaza kimoyomoyo. Muuguzi aliyezoea wodi yenye wagonjwa arobaini na wauguzi wawili anaenda moja kwa moja kwenye sindano, mikono yake haina shida hata kidogo, ila anapotezwa na zile hatua za mwanzo ambazo kwake ni mazungumzo tu. Vizuri ni kwamba hiki ni kitu unaweza kuanza kukifanyia mazoezi leo hapo hapo wodini kwenu, bila kulipa mtu yeyote, na mgonjwa wako wa hapa atafaidika kabla ya yule wa kule.

Kiingereza: kwa mtihani wa IELTS wanataka 7 kwenye kusikiliza, kusoma na kuongea, na 6.5 kwenye kuandika. Kwa OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, ni B, ila kuandika wanakubali C+. Kuna watu wanabishana kwamba sisi tumesoma kwa Kiingereza toka sekondari kwa hiyo hatuhitaji mtihani. Msamaha wa masomo unaenda kwa aliyesomea kwenye nchi ambayo wananchi wake wengi lugha yao ni Kiingereza, na kwetu hata dada wa mapokezi hospitalini anaongea na mgonjwa Kiswahili, kwa hiyo hilo haliwezi kupita kirahisi. Afu kuna kosa la muda: matokeo ya IELTS yanahesabika miaka miwili. Ukiwa mwaka wa tatu una mwaka mmoja wa chuo umebaki, halafu mwaka wa utarajali (intanshipu), halafu mtihani na usajili wa TNMC. Piga hesabu mwenyewe. IELTS ya mwaka wa tatu itakufa kabla hujaitumia. Soma Kiingereza sa hivi, mtihani ufanye mwishoni.

Hapo kwenye utarajali nataka nisisitize sana. Wapo wanaomaliza digrii na kutaka kuruka mwaka wa utarajali kwa sababu ajenti kawaambia muda unapotea. Kwa digrii ya uuguzi Tanzania, miaka 4 ya darasani na wodini inafuatiwa na mwaka 1 wa utarajali ndo unakamilika kusajiliwa. Baraza la nje litaandikiana na baraza la kwenu, litauliza huyu mtu mnamtambua, ana leseni hai, ana kesi yoyote ya kitaaluma? Kama TNMC hawana jina lako, hakuna cha kujibu. Kwa hiyo njia ya kwenda nje inapita ndani kwanza, na usajili wa nyumbani ndo nyaraka yenye thamani kuliko cheti chochote cha fildi ya nje.

Haya, listi nyekundu. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani walikubaliana mwongozo wa kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, lengo likiwa nchi tajiri zisiende kukomba wauguzi na madaktari kwenye nchi zenye uhaba. Shirika linatoa listi ya nchi zenye uhaba mkubwa, ile ya 2023 ina nchi 55, na Tanzania imo, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo pia zimo. Uingereza wameichukua hiyo wakaiita listi nyekundu. Maana yake ni kwamba waajiri na maajenti wa Uingereza hawaruhusiwi kuja kuwatafuta watu Tanzania, kuweka matangazo, kufanya intavyuu za makundi hotelini na kadhalika. Haimaanishi kwamba wewe binafsi umekatazwa. Ukiona mwenyewe tangazo la kazi la hospitali ya kule, ukaomba mwenyewe moja kwa moja, unaruhusiwa kabisa na unaweza kuajiriwa. Kenya iko listi ya njano kwa sababu ya makubaliano yaliyosainiwa Julai 2021 kati ya serikali hizo mbili, kwa hiyo Mkenya anapita kwenye utaratibu wa hayo makubaliano. Mtanzania asije akaiga njia ya mwenzake wa Nairobi akidhani ni ile ile.

Na ukishaelewa listi nyekundu unapata na kipimo cha kumpima ajenti. Mtu anayekwambia anaajiri wauguzi Tanzania kwa niaba ya hospitali ya Uingereza anakwambia anafanya kitu ambacho mwongozo wa kule unakikataza. Isitoshe, sheria ya Uingereza inakataza ajenti kumtoza mtafuta kazi hela ya kumtafutia kazi. Utalipia mitihani yako, pasipoti yako, kipimo cha TB ambacho kwa Tanzania kinafanywa na IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, Dar es Salaam, ila "ada ya kuunganishwa" na "hela ya kununua sponsashipu" hizo hazipo kihalali. Barua ya udhamini anatoa mwajiri mwenye kibali, na listi ya waajiri wenye kibali iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, unaandika jina unatafuta, dakika mbili.

Ajira nayo imebadilika, na hii watu wengi hawajaisikia bado kwa sababu wanasimuliwa na waliokwenda mwaka 2021 au 2022, milango ikiwa wazi. Kwenye mwaka ulioishia Machi 2025 wauguzi na wakunga waliosoma nje walioingia kwa mara ya kwanza kwenye rejista ya NMC walipungua kwa takribani asilimia 30 ukilinganisha na mwaka wa kabla. Ile njia ya kwenda kama mlezi wa wazee, ambayo wauguzi wetu wengi waliitumia kama daraja, ilifungwa kwa waombaji wapya wa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025. Sasa kama kuna mtu anakuuzia kazi ya ulezi Uingereza leo ukiwa Dar au Mwanza, anakuuzia mlango uliokwisha kufungwa. Muuguzi aliyesajiliwa bado ana njia kupitia viza ya wahudumu wa afya, na wengi wanafika wakiwa na CBT, wanaanza kazi chini ya uangalizi huku wanajiandaa na OSCE, wakitakiwa wawe wamesajiliwa kamili ndani ya miezi 8. Mshahara wa kuanzia wa muuguzi wa NHS, yaani hospitali za umma, kule England kwa 2025/26 ulikuwa pauni 31,049 kwa mwaka, kabla ya kodi, bima ya taifa na pensheni. Ukiigeuza kwa shilingi inaonekana utajiri, ila kodi ya nyumba utalipa kwa pauni na nauli kwa pauni, kwa hiyo hesabu yako ifanye kwa pauni toka mwanzo. Na soma mkataba pale wanapoandika kwamba ukiacha kazi mapema utarudisha gharama walizokulipia, uliza kiasi gani na kinapungua vipi kila mwezi.

Ukaazi wa kudumu, kwa miaka mingi ulikuwa unaombwa baada ya miaka 5 ya viza ya kazi. Mei 2025 serikali ya kule ilitangaza mpango wa kufanya miaka 10 iwe ndo kiwango cha msingi, huku ikisema wapo watakaofupishiwa. Anayepanga kuhamia na familia apange akijua kwamba sheria inaweza kugeuka akiwa tayari kule.

Kwa wanafunzi wa udaktari picha ni ile ile ila majina tofauti: baraza ni GMC, mtihani ni PLAB wa sehemu mbili na ile ya pili inafanyika Manchester, IELTS ni 7.5 kwa wastani na isiwepo chini ya 7 popote. Kwao elektivi ina uzito zaidi kidogo, maana unapata mtu wa kule anayeijua kazi yako ingawa kwa kukutazama tu. Ila wajue kwamba kwenye mpango wa afya wa Julai 2025 serikali ilisema itawapa kipaumbele wahitimu wa Uingereza kwenye nafasi za mafunzo ya ubingwa, na tayari wapo madaktari wa kigeni wamefaulu PLAB zote na wanazunguka bila kazi.

Ujerumani ina uvumi wake. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani walisaini makubaliano ya uhamiaji wa kazi, ikasambaa kwamba Ujerumani imetoa nafasi 250,000 kwa Wakenya, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikajitokeza kukanusha kwamba hakuna idadi kama hiyo. Kilichopo ni njia ya kawaida: ujifunze Kijerumani, kwa muuguzi kawaida kiwango cha B2, na cheti chako kitambuliwe na mamlaka ya jimbo unaloenda. Uarabuni ni haraka zaidi, vyeti vinahakikiwa na kampuni ya DataFlow, mtihani unafanyia kwenye vituo vya Prometric, lakini waajiri wengi wanataka uzoefu wa miaka kadhaa baada ya leseni, na kule mara nyingi unaenda kufanya kazi ukijua siku moja utarudi, suala la kuhamia jumla jumla ni gumu.

Sasa mwanafunzi wa mwaka wa tatu afanye nini leo? Ningekuwa na nafasi ya kumshika mkono mmoja mmoja ningeanza na majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ashura Juma, cha kidato cha nne Ashura J. Hamisi, NIDA Ashura Juma Hamisi, pasipoti imefuata NIDA, chuo kimefuata kidato cha nne. Hapa nyumbani utaeleweka, ila kwa baraza la nje hao wanaweza kuwa watu watatu. Nyoosha sasa ukiwa karibu na RITA na wakili wa kiapo, siyo ukiwa na ofa ya kazi inayoisha muda.

Kitu cha pili ni logibuku yako, daftari la kurekodi vitendo ulivyofanya wodini. Ile ambayo wengi wanakimbizana nayo wiki ya mwisho, inchaji anasaini kurasa ishirini kwa mpigo huku anaongea na simu. Marekani, kwa mfano, wanaotathmini vyeti wanataka kuona ulisoma na kufanya vitendo kwenye maeneo yote, watu wazima, watoto, uzazi na afya ya akili, na chuo ndo kinaulizwa. Rekodi zikiwa pungufu unakuja kukwama miaka mitano baadaye, chuo kimeshabadilisha msajili na inchaji kastaafu. Saini wodi kwa wodi, piga picha kila ukurasa, hifadhi. Omba na silabasi ya kozi yako yenye mhuri siku unayochukua transkripti. Na kama umesoma kwa mkopo wa HESLB, deni linakufuata popote ulipo, ambaye ameajiriwa hapa anakatwa asilimia 15 ya mshahara, anayeondoka apange mapema atalipaje.

Kuna lawama pia, kwamba mnasomeshwa na nchi halafu mnakimbia. Uhaba upo, ndo maana tuko kwenye ile listi. Lakini mitaani kuna wauguzi wenye leseni hai wanauza maji na vocha wakisubiri tangazo la ajira, na huwezi kumwambia mtu huyo kwamba anaikimbia wodi ambayo haijamwita. Mimi simlaumu anayeondoka. Ninachomwomba aondoke akiwa amekamilika, kwa njia anayoielewa, na hela yake iende kwenye mitihani na siyo kwenye mfuko wa mtu wa kati.

Na kama bado unaitaka fildi ya nje, ifuate kama fildi. Anza ofisi ya ushirikiano wa kimataifa ya chuo chako, uliza wana makubaliano na vyuo gani, maana makubaliano yaliyopo yanapunguza nusu ya usumbufu na wakati mwingine yana ufadhili. Ukiandikia hospitali ya kule, waulize manne: wananipokea kama nani, kwa viza ipi, nitaruhusiwa kufanya nini, na kuna ada gani. Waulize na chanjo wanazotaka, hospitali nyingi zinahitaji ushahidi wa chanjo ya homa ya ini B na surua, na chanjo ya homa ya ini inachukua miezi mpaka dozi tatu zikamilike, kwa hiyo anza hiyo hata kabla hawajakujibu.